Facebook inadai mauzo 31, Google 24, na mimi nimeuza 52 tu: nani kaleta wateja?

Swali: Habari kaka. Nashona mikoba na kuiuza mwenyewe, nina duka dogo, nina tovuti ya kuodia, na wengine wananunua kwa WhatsApp. Mwezi uliopita nimeuza oda 52. Sasa ripoti ya matangazo ya Facebook na Instagram inasema yameniletea mauzo 31, Google nao wanasema 24, na yule dada mwenye wafuasi wengi niliyemlipa anitangaze anasema kwa makadirio yake hawapungui 15. Nikijumlisha napata 70! Nani ananidanganya hapa? Na mimi nisiye na mtu wa masoko nipimeje? Kuna mtu kaniambia bila kununua programu ya kulipia kila mwezi siwezi kujua kitu, ni kweli?

Jibu:

Dada, kwanza hongera kwa kujumlisha, maana wengi hawafiki hapo, wanasoma ripoti moja moja, kila moja inawafurahisha, basi wanaongeza bajeti. Wewe umejumlisha ukapata wateja 18 wa hewa, na hao wa hewa ndo wametufikisha kwenye swali la maana.

Muongo hayupo (labda huyo wa makadirio kidogo). Kila mtu anahesabu kwa kanuni zake. Facebook kwa mipangilio yake ya kawaida inajiandikia oda kama mtu alibofya tangazo ndani ya siku 7 kabla ya kununua, na inajiandikia pia kama aliliona tu bila kubofya ndani ya siku 1. Google Ads kwa kawaida inajipa siku 30 tangu mtu abofye. Sasa chukua mteja mmoja, Jumatatu kaona tangazo lako Instagram, kabofya, kaangalia mikoba, kaondoka zake, Alhamisi kakumbuka jina la duka kaliandika Google, kabofya lile tangazo la juu kabisa, kanunua. Facebook wameandika 1, Google wameandika 1, na kama aliwahi kukuona kwa yule dada basi na kwake ni 1. Oda moja imekuwa tatu kwenye makaratasi na hamna aliyedanganya, ni vile tu hawaulizani. Ongeza na hili, tangu Apple watoe iOS 14.5 mwezi Aprili 2021, iPhone inamuuliza mtu kama anakubali app imfuatilie huku na huku, akikataa Facebook hawamuoni vizuri, kwa hiyo sehemu ya zile namba unazosoma ni makadirio ya mfumo wao, sio kichwa kwa kichwa.

Lakini hata kama kesho wangekaa meza moja wakagawana oda 52 bila kugombana, bado usingejua unachotaka kujua. Wewe unataka kujua kama nisingetoa ile hela, ningeuza ngapi? Wazee walishamaliza, jogoo awike asiwike kutakucha, na ripoti ya matangazo ni jogoo anayekuletea bili ya jua. Baadhi ya hao 31 na 24 wangenunua tu, walishaambiwa na shoga zao, walishapita dukani, walishanunua mwaka jana wakarudi, tangazo limewapitia njiani likajiandikisha. Unachopaswa kulipia ni wale wa ziada tu.

Na hili haliwasumbui wadogo peke yao. eBay, lile soko kubwa la mtandaoni la Marekani, mwaka 2012 walizima matangazo waliyokuwa wananunua kwenye injini za kutafutia kwa ajili ya jina lao wenyewe, yaani mtu akiandika "eBay" anakutana na tangazo la eBay, na chini yake kuna linki ya eBay ya bure. Wachumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis wakafuatilia kilichotokea, kazi yao ikachapishwa 2015, wakakuta asilimia 99.5 ya kliki zilizopotea kwenye tangazo zilirudi zenyewe kupitia ile linki ya bure ya chini yake. Yaani walikuwa wanalipia watu ambao tayari wako mlangoni. Ripoti za matangazo kabla ya hapo zilikuwa zinapendeza sana, kwa sababu mtu anayeandika jina lako ndo mtu mwenye nia ya kununua kuliko wote, lazima apendeze kwenye ripoti.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nikuombe ufanye leo, ingia Google Ads uangalie hizo 24 zimetokana na maneno gani. Kama nyingi ni jina la duka lako, zima hilo tangazo la jina tu, mengine yaache, subiri wiki tatu nne uangalie jumla ya oda, sio ripoti ya Google (ya Google lazima ishuke, umezima si ndio). Ila sikuambii uige eBay kichwakichwa. eBay anajulikana dunia nzima, wewe inawezekana tovuti yako haitokei juu, au kuna mshindani ananunua jina lako ili akae juu yako, hapo tangazo linafanya kazi kweli. Jitafute mwenyewe kwenye simu ya mtu mwingine uone nini kinatokea kwanza.

Sasa kupima. Nisikufiche, kipimo bora ulichonacho kiko dukani kwako na hujaanza kukitumia, nacho ni daftari, au Excel kama unapenda, au Google Sheets ili uandike kwa simu. Kila oda, mstari mmoja: tarehe, namba ya simu, mpya au wa zamani, alilipa kiasi gani baada ya punguzo, na majibu ya maswali mawili ntakayokupa hapo chini. Namba ya simu ndo kitambulisho, ndo itakuambia huyu alishanunua au ni mgeni, ukitafuta kwenye daftari ukimkuta huyo wa zamani, kwisha. (Mwambie unaiandika kwa ajili gani na usimtumie matangazo kama hajakubali, nchi nyingi siku hizi zina sheria ya taarifa binafsi na hata pasipo na sheria ni adabu tu.) Kutenganisha mpya na wa zamani kunaonekana kitu kidogo lakini bila hiyo hesabu zote zinazofuata ni kelele, kwa sababu wa zamani akirudi kila jukwaa linajisifu yeye, wakati aliyemrudisha ni mkoba uliodumu.

Maswali mawili yenyewe. Watu wengi wanauliza "umetusikia wapi?" na mteja anajibu "Instagram" ili amalize alipe aondoke. Hilo jibu linakuambia alipobofya mwisho tu. Uliza hivi, la kwanza, "mara ya kwanza kabisa kutuona ilikuwa wapi?", la pili, "nini kimekufanya ununue leo?" Usimpe orodha achague, ukimpa orodha atachagua cha juu. Andika maneno yake kama yalivyo, "mfanyakazi mwenzangu anao", "niliona video ya zipu", "nina harusi Jumamosi". Kumbukumbu za watu zina matobo, najua, mtu anaweza kukuambia kakuona kwenye TV na hujawahi kutangaza TV maishani mwako. Haidhuru. Ukishapata majibu hamsini sitini utaanza kuona mambo ambayo hakuna dashibodi itakuonyesha, hasa lile la mtu kumwambia mtu, ambalo mitandao haiwezi kuliona kabisa na kwa biashara ndogo nyingi ndo linabeba mzigo.

Haya tuje kwenye hela. Ntatumia namba za duara, wewe weka za kwako. Tuseme mkoba unauza 100. Toa ngozi au kitambaa, zipu, uzi, ujira wa kushona kama unamlipa mtu kwa kila mkoba (na kama unashona mwenyewe bado ujilipe, usijifanye wewe ni bure), mfuko, usafirishaji kama unaubeba wewe, makato ya malipo kwa simu au kadi. Tuseme vyote vinakula 60. Inabaki 40, hiyo ndo faida ghafi ya mkoba mmoja na ndo hela pekee inayoweza kulipia tangazo. Kodi ya pango sijaitoa kwa sababu unailipa uuze usiuze.

Sasa Facebook akikuambia "kila 1 uliyotoa imerudisha 2" unaona umezidisha mtaji mara mbili. Hebu tuhesabu. Umetoa 100 kwa tangazo, umeuza mikoba ya 200, yaani miwili, faida ghafi 80. Umetoa 100 umepata 80. Umekula hasara ya 20 na ripoti ina mshale wa kijani. Kwa biashara inayobakiwa na 40 katika kila 100, ile namba lazima ifike 2.5 ndo urudishe hela yako tu, hujapata kitu bado. Njia ya kuipata yako ni rahisi, gawa 100 kwa kile kinachobaki. Anayebakiwa na 25 anahitaji 4. Anayebakiwa na 20 anahitaji 5. Iandike ubandike karibu na unapokaa, maana watu wanaouza huduma za matangazo wanapenda kusifia "mara tatu" kama vile ni nzuri kwa kila mtu.

Twende hatua nyingine, hapa ndo patamu. Tuseme daftari linakuambia katika oda 52, oda 20 ni wa zamani na 32 ni wapya, na mwezi mzima kwa kila kitu, Facebook, Google, yule dada, mpiga picha, umetumia 900. Gawa 900 kwa 32 unapata kama 28, kila mteja mpya kakugharimu 28 na kakuachia 40, safi kabisa. Lakini je, bila matangazo wapya wangekuwa sifuri? Haiwezekani. Tuseme wapya 14 wangekuja tu, kwa kuambiwa na watu na kwa kupita mtaani. Basi matangazo yameleta 18, na 900 kwa 18 ni 50 kila mmoja. Umelipa 50 kupata 40. Hasara ya 10 kwa kila mgeni, kwa oda ya kwanza. Biashara ni ile ile, mwezi ni ule ule, kilichobadilika ni makisio yako ya wangapi wangekuja bila kuitwa.

Je, 50 ni mbaya basi? Inategemea na wanaorudi. Kama katika wageni watatu mmoja anarudi kununua tena mara moja, basi mgeni mmoja kwa wastani anakuachia 40 ya kwanza na kama 13 ya baadaye, jumla 53, umepona kwa 3. Kama hawarudi, unalisha Facebook kwa jasho lako. Ndo maana nikasema namba za simu, bila daftari la mwaka mzima hujui kama wanarudi, na mtu asikuambie "thamani ya mteja maishani mwake" akakuzidishia kwa miaka mitano wakati biashara yako ina miaka miwili. Hesabu walichokwisha kununua. Na angalia, hiyo 40 ya pili inakuja miezi mingi baadaye wakati bili ya tangazo ni ya leo, kuna wengi wamefilisika wakiwa na hesabu nzuri za mbele.

Sasa swali litakuja, hiyo 14 naipataje? Naomba usikisie, zima. Najua inaumiza, mtu akizima tangazo anaona kama kafunga duka. Ila hakuna njia ya mtu mdogo iliyo safi kuliko hiyo. Unaweza kuzima yote wiki nne kipindi cha kawaida (sio msimu wa sikukuu, sio wakati shule zinafunguliwa, linganisha na kipindi kinachofanana), ukahesabu wageni. Au kama unapeleka mizigo sehemu nyingi, acha matangazo yaonekane nusu ya maeneo na nusu nyingine yasionekane, halafu angalia uwiano wa oda kati ya pande hizo mbili umebadilikaje ukilinganisha na kabla. Hii ya maeneo mimi naipenda zaidi kwa sababu hali ya hewa, mishahara, na habari za nchi zinapiga pande zote sawasawa, na hupotezi mauzo yote kwa wakati mmoja. Usifanye wiki moja washa wiki moja zima, watu wanaona leo wananunua wiki ijayo, utachanganya, na pia mfumo wa Facebook unahitaji kama matukio 50 ndani ya wiki ndo utulie ujue umpelekee nani tangazo, kila ukiwasha upya unaanza moja. Kwa mauzo 52 ya mwezi wewe hiyo 50 ya wiki huifikii hata ufanyeje kwa upande wa oda, so ukiona matokeo yanarukaruka usishangae.

Na kurukaruka ndo jambo ambalo wafanyabiashara wadogo hawaambiwi kabisa, inanikera. Mauzo yakiwa machache yanapanda na kushuka yenyewe bila sababu yoyote. Kuna kanuni ya haraka, chukua idadi, tafuta kipeuo chake cha pili, hiyo ndo mtikisiko wa kawaida, na ukitaka kuwa na uhakika kidogo zidisha mara mbili. Oda 52, kipeuo ni kama 7, mara mbili ni 14. Maana yake ungeweza kupata chochote kuanzia 38 mpaka 66 mwezi huo bila kubadilisha kitu hata kimoja. Kwa wiki ni mbaya zaidi, wastani wako ni oda 13, mtikisiko kama 3.6, mara mbili kama 7, wiki moja inaweza kuwa 6 na inayofuata 20 na ni bahati tupu. Sasa fikiria mtu anabadilisha picha ya tangazo Jumatatu, oda zinatoka 11 kwenda 15, anaandika "picha mpya imeongeza mauzo asilimia 36" na anamlipa mpiga picha tena. Na mwezi kwa mwezi ni vilevile, ukitoka 52 ukaenda 60 hujaona kitu, unapolinganisha miezi miwili mitikisiko yote miwili inaingia, jumlisha 52 na 60 ni 112, kipeuo ni kama 10.6, na tofauti yako ni 8 tu. Haifiki hata mtikisiko mmoja.

Kwa hiyo mtu wa oda 52 asijaribu vitu vidogo. Rangi ya kitufe, emoji, maneno mawili kwenye tangazo, waachie wenye oda elfu hamsini. Wewe jaribu vitu vikubwa ambavyo vikifanya kazi vitapiga kelele: kuzima kabisa, kuongeza bajeti mara mbili kamili sehemu moja, kubadilisha bei, kuanza kutuma mzigo bure, kuhama kabisa kutoka mtandao huu kwenda huu. Kinachoongeza oda 3 kwa mwezi huwezi kukipima, kikubali au kikatae kwa akili yako ya kawaida tu na usipoteze usiku.

Halafu kuna ujanja, tumia namba kubwa iliyo karibu na mauzo. Tuseme kwa mwezi unapata meseji 300 za kuulizia. Kipeuo cha 300 ni kama 17, ni asilimia 6 hivi, wakati kwa oda 52 mtikisiko ni karibu asilimia 14. Kwa hiyo meseji za kuulizia zitakuonyesha mapema zaidi kama tangazo linagusa watu. WhatsApp Business ina lebo, bure, weka lebo ya "kauliza", "kapewa bei", "kanunua", "kapotea". Ila usimlipe mtu kwa idadi ya meseji! Kuna mchumi wa Uingereza, Charles Goodhart, 1975 alisema jambo kuhusu takwimu za fedha ambalo siku hizi linatumika kila mahali, kwamba kipimo ukianza kukitumia kuwashinikiza watu kinavunjika. Mlipe kijana wa masoko kwa meseji utaletewa meseji 900 za "bei gani?" na oda 52 zilezile.

Tukiwa hapohapo kwenye meseji, hao 248 (300 toa 52, tukichukulia kila oda ilianza na meseji) waliouliza wasinunue, umewahi kuwasoma? Kaa siku moja na kikombe chako uwasome wote kuanzia juu mpaka chini. Mara nyingi nikikaa na mtu tukasoma hivyo tunakuta tangazo halina shida kabisa. Kuna aliyeuliza saa tatu usiku akajibiwa kesho yake mchana. Kuna aliyeuliza bei akajibiwa "karibu inbox" wakati tayari yuko inbox. Kuna walioulizia mkoba wa laptop wanane na wewe huna. Weka kipimo cha muda wa kujibu meseji ya kwanza, uandike kwa dakika, hiki ni kipimo cha masoko kama vingine na kukirekebisha hakugharimu hata senti. Ukitoka kwenye kuuza 52 katika 300 ukafika 65 katika 300, gharama ya kila mteja imeshuka kwa robo hivi... sawa, sio robo, ni moja ya tano, lakini hujaongeza bajeti.

Yule dada mwenye wafuasi. Mpe kodi ya punguzo (code, yaani neno analolitaja mteja akinunua ili apunguziwe) yenye jina lake na linki yake peke yake, ile yenye alama za utm mwishoni, yaani maneno ya kuonyesha chanzo, ili Google Analytics (kile chombo cha Google cha kuhesabu wanaoingia kwenye tovuti) imuone anakotoka mtu. Mchezo wenyewe wa zamani sana, wauzaji wa kwa posta Marekani walikuwa wanaweka alama tofauti kwenye anwani ya kila tangazo la gazeti, barua ikija wanajua imetoka gazeti gani, na Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo wa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20 alijenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya kuponi za kukata na kurudisha. Kodi ina matatizo mawili yanayovuta pande tofauti: kuna watakaonunua kwa sababu yake bila kutumia kodi, na kuna wateja wako wa siku nyingi ambao watasikia kuna kodi wakaitumia kupata punguzo ambalo usingewapa. La pili daftari litalikamata, namba ya simu ya zamani na kodi mpya, huyo hajaletwa na mtu. La kwanza, angalia wageni wa siku tatu baada ya yeye kuposti ukilinganisha na siku za kawaida. Kama kwa kawaida siku tatu zinaleta wageni 3 na safari hii wamekuja 12, hiyo inaonekana kwa macho, mlipe tena. Wakija 5, usimlipe kwa kusema "wameongezeka". Na laiki zake, viu zake, komenti za moto moto, soma kwa kujifurahisha tu.

Promosheni za punguzo nazo zichunguze kwa jicho hilohilo. Wiki ya punguzo mauzo yanapaa, wiki mbili zinazofuata yanalala, maana watu wamenunua mapema kitu ambacho wangenunua kwa bei kamili. Hesabu wiki zote tatu kwa pamoja, na kumbuka punguzo la 20 kwenye mkoba wa 100 halijakula asilimia 20 ya faida yako, limekula 20 katika ile 40, yaani nusu.

Kuna vitu hutavipima na usijilazimishe. Kibao kizuri cha duka, picha safi, jina kukaa kwenye midomo ya watu, hivi vinafanya kazi polepole na havitaonekana mwezi huu wala ujao. Mimi ningetenga sehemu ndogo ya bajeti kwa ajili ya hivi na nisiombe risiti, lakini iwe sehemu ambayo ikipotea yote duka halitetereki.

Ratiba usiifanye ngumu. Daftari kila oda, hapohapo. Jumapili dakika ishirini, jaza wageni wangapi, meseji ngapi, umetumia ngapi. Maamuzi ya kuwasha, kuzima, kuongeza, fanya kwa mwezi au kwa miezi miwili, usifungue ripoti ya matangazo kila asubuhi ukaanza kubadilisha vitu, unashughulika na mtikisiko tu hapo na kila ukigusa unaharibu kipimo chako mwenyewe. Kila ukianza jaribio andika kabla, kwenye daftari hilohilo, "nikizima na wageni wakashuka chini ya idadi fulani ntarudisha, wasiposhuka ntabaki nimezima". Andika kabla ya kuona matokeo, maana ukishaona utatafuta sababu ya kufanya ulichokuwa unataka tangu mwanzo, wote tuko hivyo.

Kwa hali yako ningeanza hivi: daftari leo, tangazo la jina Google lizimwe wiki hii (kama ulipojitafuta umejikuta juu), Facebook uiache ilivyo mpaka upate mwezi mzima wa daftari ili uwe na cha kulinganisha, ndo uende kwenye jaribio la maeneo. Kwa kuanzia usizime vyote kwa pamoja, hutajua kipi ni kipi.

Programu ya kulipia, hapana, sio sasa hivi. Kwa oda 52 itakuonyesha zile 31 na 24 zilezile kwa rangi nzuri zaidi, kwa sababu inazivuta kutoka kulekule. Lebo za WhatsApp, Excel, Google Analytics, na ule ukurasa wa biashara wa Google unaokuonyesha wangapi wamepiga simu na wangapi wameomba ramani ya kufika dukani, vyote ni bure na hujavimaliza. Siku utakapokuwa na watu wawili watatu wanaojibu wateja walewale, mmoja kashatoa bei mwingine hajui, mteja anaulizwa jina mara mbili, oda zinadondoka katikati, hapo nunua, na utakuwa unanunua ya kutunza wateja, wala sio ya matangazo.